Masta ya atletiki treina Marekani: klinikali zikoje na nichagueje programu?

Kinesi_Mwisho:

Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho digrii ya kinesiolojia hapa Marekani na nimeshaamua nataka kuwa atletiki treina, AT kama wanavyofupisha, yaani yule anayekimbilia uwanjani mchezaji akianguka, sio yule wa kuhesabia watu pushapu jim (kila nikieleza kwa ndugu naambiwa "ahaa, kocha" basi nimechoka nacheka tu). Sasa yapo mambo yananichanganya. Jamaa mmoja aliyemaliza zamani ananiambia nifanye mtihani kwa digrii hii hii, nikishapata cheti ndo niingie masta huku chuo kinanilipia ada kwa kuwahudumia timu zao. Mwingine anasema hiyo njia ilishakufa. Halafu nimekubaliwa programu mbili, moja ya chuo kikubwa ambacho timu yake iko kwenye TV kila wikiendi, nyingine chuo kidogo ambacho nikikitaja hakuna anayekijua. Naangalia nini hapo? Na masta hii unaweza kuisoma huku unapiga shifti? Nisaidieni kabla sijalipa hela ya kushikilia nafasi.

Tepu_na_Barafu:

Karibu mkuu, mimi ndo namalizia mwaka wa pili. Huyo jamaa hakudanganyi, wakati wake ilikuwa hivyo kweli ila mambo yamebadilika. CAATE, ile tume inayoidhinisha programu zote za AT, ilipitisha kwamba kiwango cha kuingilia kazini ni masta, na programu za digrii ya kwanza zikakatazwa kupokea wanafunzi wapya baada ya mwaka 2022. Kwa hiyo kinesiolojia yako peke yake haikupeleki kwenye mtihani wa BOC, ile bodi inayotoa cheti cha AT, hata uwe na maksi za kutisha, lazima upite masta iliyoidhinishwa, ambayo mara nyingi ni miaka 2 na nyingi zinaanza kiangazi na somo la maiti na mifupa moja kwa moja, hakuna kupumua.

Ila angalia vizuri masomo ya awali, wanataka uwe umesoma baiolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia. Watu wengi wa kinesiolojia wanakwama kwenye fizikia na kemia maana madepatimenti mengine hayalazimishi. Maombi yenyewe kwa programu nyingi yanapita kwenye mfumo mmoja unaitwa ATCAS.

Kuhusu shifti, dah. Mchana darasa, jioni mazoezi ya timu, wikiendi mechi, timu ikisafiri na wewe uko kwenye basi. Na hapo katikati lazima uwe na kipindi kisichopungua wiki 4 ambacho ni klinikali tupu, yaani mafunzo ya vitendo kwa wagonjwa halisi, unaishi ratiba ya AT mwenyewe kuanzia asubuhi mpaka anafunga mlango. Wenzangu wanaofanya kazi wanafanya vikazi vya saa chache tu, maktaba au kusahihisha kazi za wanafunzi wa chini, kitu ambacho bosi anaelewa ukisema leo siji.

AT_wa_Haiskuli:

Mdogo wangu, niko kazini miaka mingi sasa na napokea wanafunzi wa masta kama prisepta, yaani AT anayemsimamia na kumfundisha mwanafunzi kazini, ngoja nikuambie upande ambao vipeperushi vyao haviandiki.

Usichague TV. Chagua utakaokuwa nao kila siku. Prisepta ndiye anayekufundisha kazi, darasani unapewa majina ya vitu. Chuo kikubwa kina vifaa vizuri sikatai, ila timu kubwa ina ma-AT wengi, madaktari wengi, na mwanafunzi anaweza kumaliza msimu mzima anajaza chupa za maji na kukunja taulo huku goti la maana linapimwa na wakubwa chumba cha pili. Kwenye haiskuli yangu niko peke yangu, mtoto akija na kifundo kimevimba namwambia mwanafunzi apime yeye, mimi nasimama hapo hapo, akikosea nazuia. Sheria yenyewe inataka prisepta awepo kimwili na aweze kuingilia kati, kwa hiyo ukiona sehemu mwanafunzi anaachwa peke yake na timu ili shule iokoe mshahara wa AT, hiyo ni kona ya kukimbia.

Ukienda kutembelea, waulize wanafunzi wa mwaka wa pili bila walimu kuwepo: juzi uwanjani ulifanya nini kwa mikono yako? Jibu lao litakutosha. Uliza pia unazungushwa wapi na wapi, kwa sababu viwango vya CAATE vinataka ukutane na watu wa umri tofauti, jinsia tofauti, hali tofauti za kimaisha, na hata wagonjwa wasiohusika na michezo kabisa. Programu nzuri itakuonyesha kliniki ya mifupa, zahanati ya kawaida, pengine wacheza dansi au jeshi. Ikikuonyesha futiboli ya Kimarekani tu, hmm.

Halafu dharura. Hapa ndo naomba usifanye mzaha. Kiharusi cha joto kwa mchezaji hakipimwi kwa kumgusa paji la uso, kinapimwa kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, na ukikuta joto limepita 40.5 na mtu anaongea vitu havieleweki unamzamisha kwenye beseni la maji ya barafu pale pale, unampoza KWANZA ndo ambulansi iondoke naye. Kuna watu wanahitimu hawajawahi kuandaa hilo beseni hata kwa mazoezi. Mnakumbuka Januari 2023 Damar Hamlin, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Buffalo Bills, alipoanguka moyo umesimama, aliyeanza kumkandamiza kifua alikuwa AT msaidizi wa timu, Denny Kellington. Watu waliona ushujaa, mimi niliona mpango wa dharura ambao kila mtu pale alikuwa anajua nafasi yake kabla mechi haijaanza. Kwa hiyo uliza kama programu inafanyisha mazoezi ya dharura uwanjani au wanasoma kwenye slaidi.

Kinesi_Mwisho:

Asanteni sana, nimeelewa vingi. Fizikia ndo naisoma muhula huu bahati nzuri. Swali la mwisho, ile ya kulipiwa ada basi haipo kabisa? Na mtihani wa BOC ukoje?

Mguu_Ndani_Mguu_Nje:

Nijibu la ada. Zamani ulikuwa umeshapata cheti ndo unaingia masta, kwa hiyo chuo kilikupa timu ukaifanyia kazi kama AT halali. Sasa unaingia huna cheti, huruhusiwi kuwa mbadala wa mfanyakazi, watakulipa kwa kazi gani? Zipo skolaship na vikazi vya ndani ya chuo ila ukipanga bajeti panga kama vile havipo. Mimi niliangalia deni na mishahara ya kuanzia nikahamia fiziotherapia, ambayo nayo ni miaka 3 na ada juu zaidi kwa hiyo msinicheke. Ila kama kinachokuvuta ni kuwepo uwanjani jambo linapotokea, fizio haitakupa hicho, sisi mgonjwa anatufikia wiki kadhaa baadaye na makaratasi yake.

Tepu_na_Barafu:

Mtihani ni maswali 175 kwa saa 4 kwenye kompyuta, unaruhusiwa kujiandikisha ukiwa muhula wa mwisho mkuu wa programu akikuidhinisha. Ukifaulu unaandika ATC (AT mwenye cheti) baada ya jina lako, ila karibu majimbo yote bado yanataka uwe na leseni au kibali cha jimbo unalokwenda kufanya kazi na kila jimbo lina sheria zake, mengine ni haraka mengine karatasi zinalala mezani, kwa hiyo usikubali tarehe ya kuanza kazi kabla hujajua hilo.

Na kabla ya kulipa hela yoyote ingia tovuti ya hizo programu mbili. Wanalazimika kuweka hadharani wangapi wanafaulu BOC mara ya kwanza, wangapi wanamaliza na wangapi wanapata kazi. Kiwango cha CAATE ni asilimia 70 ya wanaofaulu mara ya kwanza kwa wastani wa miaka 3. Na usiishie kwenye asilimia, angalia walikuwa wanafunzi wangapi, maana darasa la watu watano mmoja akifeli tayari ni 80.

AT_wa_Haiskuli:

Hapo kwenye idadi umenena. Mdogo wangu ukishazipata hizo namba ziweke hapa tuziangalie pamoja, na utaje wanakokupeleka klinikali mwaka wa kwanza.

Kinesi_Mwisho:

Sawa kaka. Ya chuo kidogo nimeiona sasa hivi, klinikali ya kwanza ni haiskuli. Ya chuo kikubwa ukurasa wa matokeo haufunguki, nawapigia simu Jumatatu.