Mnatuuzia kayaki kwa namba ya stika, mtu akipinduka mnamwambia kazidisha mzigo

Wakuu, salamu kwanza. Nina hasira na sitaificha. Wiki ya tatu hii tangu nipinduke na kila nikiiona ile kayaki imelala uani damu inanichemka upya, na sio kwa ajili ya vitu nilivyopoteza, vitu vinatafutwa, ni kwa sababu NILIULIZA. Niliuliza swali lilelile mara mbili kabla sijatoa hela na mara zote mbili nikajibiwa uongo.

Stika iliyobandikwa karibu na kiti inasema uwezo wa kubeba ni kilo 150. Nikamwambia muuzaji mimi peke yangu nina kilo 86, naenda kuvua, siendi kupiga picha, kwa hiyo kuna nanga, kuna barafu, kuna betri, itanibeba? Akasema namba si hiyo hapo kaka, we jaza tu, ukitaka hata kusimama unasimama. Hakutaja popote kwamba ile 150 sio uzito wa kwenda nao kuvua.

Hili naomba kila anayetaka kununua alisome taratibu. Kwenye kayaki nyingi ile namba ya stika ni mzigo ambao chombo bado kinaelea, basi, kinaelea tu. Haikwambii kama utaweza kupiga kasia, haikwambii kama kitatulia ukijipinda kuchukua samaki, haikwambii sitaha, ule uso wa juu unaokalia, itakuwa juu ya maji kiasi gani. Kila kiwanda kinapima kwa namna yake, na wavuvi waliozeeka na hii kazi huwa wanakata kama theluthi nzima wanabaki na asilimia 65 hadi 70. Kwa ile yangu ya 150 maana yake ni 105 hivi. Toa mwili wangu kilo 86, zinabaki 19. Kumi na tisa! Hapo hujaweka kifaa hata kimoja.

Sasa angalieni hesabu ambayo nimekuja kuifanya nimeshachelewa, nimepima kimoja kimoja kwenye mizani. Nguo, viatu na jaketi okozi kilo 4. Kreti yenye fimbo tatu, rili na visanduku vya chambo bandia kilo 9. Betri ya asidi ya volti 12, ile ndogo ya ampea 7 kwa saa, ukijumlisha na sonari yake, kile kifaa cha kutafutia samaki, kilo 4. Kisanduku cha barafu 14. Maji ya kunywa lita 5 nayo ni kilo 5. Nanga na kamba 4. Kile kiti cha fremu kinachoinuliwa 4. Jumla mimi na vitu vyangu ni kilo 130 na bado sijapata hata samaki wa kuonja. Niko chini ya stika yao kwa kilo 20, na niko juu ya uhalisia kwa kilo 25. Na hakuna mtu hapo atakayesema nimebeba vya anasa, hivyo ndo vitu vya mvuvi yeyote wa kayaki, na wao wenyewe ndo walioniuzia nusu yake.

Dalili ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Hizi kayaki za kukaa juu zina matundu yanayopita toka sitahani mpaka chini kabisa, kazi yake maji yakiingia yashuke yatoke. Ukizidisha uzito chombo kinazama zaidi na maji yanapanda kwa matundu hayohayo, unakaa kwenye dimbwi. Nikarudi kulalamika kwamba nalowa makalio muda wote, nikauziwa vizibo. Vizibo wakuu! Kuziba matundu hakupunguzi hata gramu, chombo kimezama palepale kilipokuwa kimezama, ila sasa wimbi likirusha maji juu hayana pa kutokea. Mtu mwenye nia njema alitakiwa aniambie pale pale umezidi, punguza vitu au rudisha uchukue kubwa zaidi. Yeye akachukua hela ya vizibo.

Siku yenyewe tulikuwa wawili, kila mtu na chombo chake, ziwani, tumetoka alfajiri na kaupepo ka kutoka nchi kavu, pale ufukweni maji shwari kabisa. Huo upepo wa mgongoni ndo unaoponza watu, karibu na nchi kavu miti na kingo zinaukinga huusikii, unaenda raha mustarehe, ukishafika kilomita moja ndani ndo unakuta mawimbi, na ya ziwani ni mafupi yanafuatana upesi hayakupi nafasi ya kuhema. Baada ya muda nikaona kayaki imekuwa nzito, napiga kasia haitiki, omo, yaani mbele ya chombo, inakataa kugeuka, nikadhani ni uchovu wa mkono. Kumbe ngama, lile tumbo la ndani la kayaki, inajaa maji na mimi nimekaa juu yake.

Na hapa ndo watu wengi hawajui na hakuna muuzaji anayesema. Lita 20 za maji ni kilo 20, lakini sio sawa na kilo 20 za barafu ulizozifunga kwa mkanda. Maji yanatembea. Ukiinama kushoto yote yanakimbilia kushoto, yaani yanakusukuma kulekule unakoangukia. Nilikuwa na samaki ubavuni, nikajipinda nyuma kuchukua wavu, nikasikia kitu kimehama chini yangu, na nilipokuja kujua niko majini. Nadhani haikufika hata sekunde mbili.

Jaketi nilikuwa nimelivaa na mikanda nimeifunga yote, ndo maana nipo. Mimi mazoezi ya kupanda tena nilishafanya mara nyingi kwenye kina kirefu, unaigeuza, unashika upande wa pili, unapiga mateke mpaka tumbo linalala juu, unageuka ukae halafu miguu inafuata. Nilikuwa naweza bila shida, lakini niliyafanya na kayaki kavu. Yenye maji tumboni ni kitu kingine kabisa, kila nikilaza tumbo maji ya ndani yanakimbilia upande wangu inanigeukia tena. Mara nne. Ya tano mwenzangu akaleta yake ikalala sambamba na yangu akaibana kwa uzito wake wote mpaka nikaingia. Kifuniko cha ngama tuliogopa kukifungua kwenye yale mawimbi, kwa hiyo hata pampu ya kutolea maji niliyokuwa nayo haikunisaidia, akanivuta kwa kamba kilomita nzima na ushee, kwa karibu masaa mawili, dhidi ya upepo. Fimbo mbili na sonari viko chini ya ziwa.

Nikaenda kwa muuzaji. Neno la kwanza kutoka mdomoni mwake: umezidisha mzigo. Nikamwekea hesabu mezani, 130, na samaki hawakufika hata kilo 10, stika yako 150, nimezidisha wapi? Akahama, akasema kayaki zote huwa zinaingiza maji kidogo. Hapo ndo nilitoka kabla sijafanya la kunijutisha.

Nyumbani nikamwaga kama lita 20 ndani, nikafunga kila kitu, nikaikausha nje kwa kitambaa halafu tukaiinamisha pande zote na kuigeuza juu chini taratibu tuone. Inadondosha kwenye ribiti mbili, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia mkono wa kubebea, na inamwaga, sio kudondosha, inamwaga, kwenye vishikio viwili vya fimbo nyuma ya kiti. Vile vishikio alivitoboa yeye dukani kama zawadi ya mteja. Nilipovifungua, skrubu kavu, hakuna silikoni, hakuna raba, hakuna chochote. Mtu anatoboa chombo cha majini na anaacha tundu wazi halafu anakwambia zinaingiza maji kidogo! Na ukiweka mzigo wa kiasi yale matundu yanakaa juu ya maji huwezi kugundua, ila ukifika kwenye uzito wanaokuruhusu wao wenyewe yanakuwa usawa wa maji, kila wimbi linachangia kikombe.

Bado kuna la nanga. Kifungio amekiweka katikati ya ubavu, eti mkono ufike kirahisi. Nanga ikishika chini na mkondo ukivuta, chombo kinakaa ubavu kwa mkondo na kamba inavuta ubavu huo chini, hapo kupinduka ni dakika tu. Nanga inafungwa omo au tezi, yaani mbele au nyuma kabisa, ndo maana kuna ile kamba ya kuzunguka na kapi inayokuwezesha kuisogeza mbele au nyuma ukiwa umekaa, na iwe na boya na kiungo cha kuachia haraka, na kisu karibu. Kamba yenyewe ikiwa na mara 5 hadi 7 ya kina ndo inashika, mimi nilipewa mita 15, yaani ya kufaa kwenye mita 3 za maji.

Nyie wa baharini msidhani hayawahusu. Kwenu kuna maji kujaa na kupwa, na saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kugeuka ndo nusu nzima ya maji inapita. Kayaki iliyozidiwa inaenda labda kilomita 4 kwa saa ukiwa umekaza, mkondo wa 4 unakuweka palepale, na ukipingana na upepo mawimbi yanasimama wima.

Ninachotaka kwa wauzaji ni kidogo sana. Andikeni uzito wa kuvulia, sio wa kuelea. Semeni mmepimaje. Ukitoboa kayaki ya mtu ziba. Na zile video zenu za mtu mwembamba amesimama kwenye maji yasiyo na hata kiwimbi, kayaki tupu, kiti kimeondolewa, ziondoeni, zitaua mtu.

Kwa mnunuzi, kabla hujalipa omba uipeleke kwenye maji ya magotini na vitu vyako VYOTE, kaa dakika kumi angalia matundu. Maji yakipanda mpaka unapokaa, iache. Vizito weka chini na katikati, usirundike tezi, maana omo ikiinuka upepo unaikamata inakupeleka inakotaka. Kiti kiweke chini siku ya mawimbi. Betri ya lithiamu ni nyepesi nusu au zaidi ya ile ya asidi. Na ndani ya ngama jaza vifuko vya hewa au chupa tupu zilizofungwa kabisa na uzifunge zisihame, hata ikivuja maji yatakosa nafasi, hiki kitu kingenifanya nipande mara ya kwanza.

Mwenye kayaki yenye mikono ya kupigiwa ribiti na vishikio viwili nyuma ya kiti, fungua skrubu moja tu leo uangalie kama kuna silikoni, halafu weka jibu hapa. Picha za ribiti zangu naziweka kesho mchana, nataka nijue ni yangu peke yangu au ni zote.