Naomba ushauri: mbuzi wanamaliza visiki hai Kondoa

Habari zenu wakuu. Sisi ni kikundi cha kujitolea hapa Kondoa mjini. Miche ya kupanda inakufa kiangazi, kwa hiyo tunatunza visiki hai vya migunga kandokando ya korongo: tunabakiza machipukizi machache yenye nguvu, mengine tunapogoa. Inafanya kazi kweli!

Shida ni mbuzi. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mifugo iliondolewa kwenye ardhi iliyomomonyoka na uoto ukarudi. Sisi hatuna mamlaka hayo, wala sitaki majirani wafugaji waumie.

Mliofanikiwa kukubaliana na wafugaji, mlianzia kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata? Na faini mlipangaje, ukizingatia wengi hawana hela?