Askari wetu Kongo: wabaki chini ya UN, SADC, au kwa makubaliano yetu na Kinshasa?

DagaaMwaloni (mwanzisha mada)
Habari za jioni wakuu. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, Tanzania, na wateja wangu wakubwa ni Wakongo. Tangu waasi wa M23, ambao Kongo inadai wanasaidiwa na Rwanda, wachukue Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, mizigo ya upande ule imekuwa ya kubahatisha. Juzi mteja wangu wa Bukavu alisimama mbele ya magunia aliyokwisha kuyalipia, akayagusa moja moja, akaniomba nimtunzie mpaka ajue njia iliyo salama. Wakati wa kuagana akaniuliza: "Kaka, na ninyi wanajeshi wenu mtawaondoa wote?" Nilikosa la kumjibu.

Naona njia tatu. Kwanza, kubaki ndani ya brigedi ya UN, tuliyoingia 2013 pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Pili, jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kama lile lililoingia Desemba 2023, ambalo wakuu wa nchi waliamua Machi 2025 liondoke. Tatu, nchi kwa nchi, kama tulivyobaki Nangade, Msumbiji, baada ya SADC kufunga kazi kule 2024. Mimi naegemea hii ya tatu. Hatungoji UN kule New York wala mtu mwingine. Nipeni mawazo.

Mstaafu_Nyamagana
Kijana, linganisha kazi na zana kabla ya bendera. Mwaka 2013 M23 walishindwa kwa miezi michache. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la UN liliruhusu kushambulia, na si kulinda kambi tu. Angani kulikuwa na helikopta za mashambulizi, jeshi la Kongo lilikuwa mbele likipigana, na wafadhili walikuwa wameibana Kigali, yaani serikali ya Rwanda, kwa kusimamisha misaada. Vitu vyote hivyo vilikutana kwa wakati mmoja.

SADC iliingia vitani bila nguvu ya anga ya kutosha, ikitegemea uwanja wa ndege mmoja wa Goma. Uwanja ulipofungwa, vijana wakabaki kambini wakiwa wamezungukwa, na mwisho wakatoka kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato. Hapo Chato, ziwa hili hili letu. Askari kupita katika ardhi ya nchi ambayo Kinshasa inaituhumu kumuunga mkono adui aliyekuwa akipigana naye, hilo lapaswa kumuumiza kila mtu.

Mama_Wawili_Buhongwa
Shikamoo mzee. Mimi sijui mambo ya maazimio, ila mume wangu alikuwa huko na SADC. Aprili 2024 kombora lilipoua watatu wetu karibu na kambi, majina hayakutoka mara moja. Nililala na simu kifuani usiku mbili. Aliporudi nilimfulia buti, maji yakawa meusi kabisa, udongo wa volkano. Nilibadilisha maji mara tatu.

Ninachouliza ni kimoja: katika hizo njia tatu, ipi ambayo kijana akijeruhiwa saa nane usiku inaweza kumtoa? Anzieni hapo.

Mstaafu_Nyamagana
Marahaba mwanangu, na pole sana. Kusema kweli, mwenye helikopta na hospitali huko ni UN. Lakini hata huko hakuna uhakika. Semuliki, kule Beni, tarehe 7 Desemba 2017, kambi yetu ya UN ilishambuliwa usiku na tukarudishiwa miili 14. Siku ile sikula.

Mhaya_wa_Kyaka
Wakuu, hii ya nchi kwa nchi tumeshaijaribu, na sisi wa Kagera tunaikumbuka. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Jeshi letu likabaki hadi 1981. Tuliingia kwa haki, maana Amin alivamia kwetu, na hata Mwanza ndege ya Libya ilileta mabomu yakaangukia Saanane. Lakini kadiri tulivyokaa, ndivyo siasa za Uganda zilivyotuganda. Rais Binaisa aliondolewa Mei 1980 askari wetu wakiwa mjini, uchaguzi wa Desemba ukafanyika tukiwapo, na walioshindwa wakatutazama kama upande. Askari wa nchi moja akiwa peke yake hawezi kukwepa hilo.

Msumbiji ni tofauti. Pale hakuna jirani yetu mwingine aliyesimama ng'ambo ya mstari. Kongo yupo. Rwanda na Kongo wote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja nasi, na malori ya wote wawili huja bandari ya Dar. Ukipeleka kikosi kwa mkataba na Kinshasa, Kigali atakihesabu kuwa cha Kinshasa.

Sengerema_Feri
Nakubaliana, ila tusiipambe UN. Julai 2022 wananchi wa Goma na Butembo waliandamana kuitaka MONUSCO, yaani kikosi cha UN huko Kongo, iondoke, na watu walikufa. Kivu Kusini walifunga kazi Juni 2024. Mwenyeji akikuchoka, mamlaka ya karatasi hayakusaidii. Na mimi ningeuliza kama askari wetu wa Beni, kaskazini zaidi ya Goma, wanaopambana na ADF, waasi wenye asili ya Uganda, nao wahesabiwe pamoja na suala la M23. Ni vita viwili tofauti.

DagaaMwaloni
Mkuu wa Sengerema, hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nauliza "Kongo" kama sehemu moja. Na maelezo ya Kyaka yamenitoa kwenye njia ya tatu.

Msimamo wangu sasa: Beni tubaki chini ya UN, kwa sababu ADF wanachinja raia mashambani na hakuna meza ya mazungumzo inayowangoja kesho. Goma tusirudi na bunduki kwa bendera yoyote mpaka yale yaliyoanzishwa kwenye kikao cha EAC na SADC, Dar, Februari 2025, yazae mstari wa kusitisha vita ambao askari wanaweza kuusimamia. Dada wa Buhongwa, swali lako ningetaka liulizwe bungeni kabla ya kikosi kingine kuvuka mpaka.

Mteja wangu nimempigia nikamweleza hivyo hivyo. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama magunia hayajapata unyevu. Nimeyainua juu ya mbao.