Kesi ya Soham, 2002: kwa nini zilipita siku 13, na mnara wa simu ulithibitisha nini hasa?

Mwanafunzi_Sheria

Habari za leo wakuu. Naandaa wasilisho juu ya upelelezi wa watoto waliopotea Uingereza, na nimechagua Soham, mji mdogo wa Cambridgeshire ambako Holly Wells na Jessica Chapman, wote wa miaka 10, walitoweka Jumapili tarehe 4 Agosti 2002. Mfuatano ninao: walitoka nyumbani kwa akina Holly kama saa 12:15 jioni, kamera ya kituo cha michezo ikawanasa saa 12:28, simu ya Jessica ikazimwa saa 12:46, na wazazi wakatoa taarifa polisi saa 3:55 usiku. Miili ilipatikana tarehe 17 Agosti karibu na Lakenheath, Suffolk.

Ninapokwama ni hapa. Kwanza, polisi wa kule hufanya nini saa za mwanzo, na ni kweli husubiri saa 24? Pili, mnara wa simu unaweza kweli kumfikisha mpelelezi kwenye mlango wa nyumba moja? Tatu, Ian Huntley, aliyekuwa mtunza majengo wa sekondari ya pale na ambaye baadaye alitiwa hatiani kwa mauaji yao, alisema mwenyewe kwamba aliongea na watoto nje ya nyumba yake. Kwa nini hakukamatwa kesho yake?

Mpekuzi

Nianze na saa 24, maana uvumi huu unaweza kugharimu maisha. Hakuna kusubiri. Kwa mwongozo wa polisi wa Uingereza, mtu ambaye hajulikani alipo anahesabiwa amepotea hadi apatikane na hali yake ithibitishwe. Mtoto asipoonekana unapiga 999, namba ya dharura ya kule, saa hiyo hiyo. Wenye ndugu kule wawaambie.

Askari wa kwanza kufika hakimbilii msituni. Anaanza na nyumba aliyotoka mtoto, hata kama wazazi wamekwisha kuipekua mara tano. Uvungu wa kitanda na sanduku lake, makabati, darini, friza, banda la bustani, buti ya gari, mapipa ya taka. Mzazi huita jina na kuangalia mahali mtoto anapopenda kujificha. Askari anamtafuta pia mtoto aliyekwama, aliyezimia au aliyefichwa na mtu. Dewsbury, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mwaka 2008 mtoto wa miaka 9 alitafutwa siku 24, akakutwa hai tarehe 14 Machi ndani ya sehemu ya chini ya kitanda, kwenye fleti ya ndugu wa mwenza wa mama yake, karibu maili moja tu kutoka kwao. Ndiyo maana orodha ya ndugu, marafiki na wapenzi wa zamani wa familia huandikwa usiku ule ule.

Chumbani huchukuliwa mswaki na brashi ya nywele kwa ajili ya DNA, na foronya au nguo iliyovaliwa bila kufuliwa kwa ajili ya mbwa wa kunusa. Hushikwa kwa glavu, kila kitu mfuko wake. Kinachoharibu mara nyingi ni ndugu waliojaa nyumbani kwa nia njema wakaanza kufagia, kutandika na kufua.

Halafu kamera. Rekodi nyingi hujifuta zenyewe, baadhi baada ya siku chache, nyingine baada ya mwezi, kwa hiyo anayezikusanya anashindana na muda. Kabla ya kunakili anasimama mbele ya skrini, analinganisha saa ya mashine na saa sahihi, na kuandika tofauti hadi sekunde. Mashine ikiwa mbele kwa dakika 7 na hakuna aliyeandika, mfuatano wote wa matukio unapinda. Soham pengo kati ya kamera ya mwisho na simu kuzimwa lilikuwa dakika 18. Ndani ya dakika hizo 18 ndimo kesi ilimokaa.

Fundi_Minara

Nijibu la pili. Mnara peke yake haukuonyeshi mlango. Huo ni ukweli, na ukiandika kinyume chake kwenye wasilisho utabanwa maswali.

Simu haishiki mnara ulio karibu zaidi, inashika ule unaosikika kwa nguvu zaidi pale ilipo. Mnara mmoja kwa kawaida una antena za pande tatu, kila moja ikihudumia kama nyuzi 120. Ukuta, mteremko, hata upande wa jengo uliosimama, vyote vinabadilisha matokeo. Mjini antena inaweza kuhudumia mita mia kadhaa, mashambani kilomita nyingi.

Jambo la pili ni namna simu ilivyotoka hewani. Ukiizima kwa kitufe, inauaga mtandao kwanza, na ujumbe huo unaandikwa pamoja na saa na mnara. Ukichomoa betri au ikikosa mawimbi, haiagi, na mtandao unagundua baadaye tu kwamba haipo. Simu ya Jessica iliaga saa 12:46 jioni kupitia mnara wa Burwell, kijiji kilicho maili kadhaa kutoka Soham. Hapo ndipo wapelelezi walipopata swali la maana: ni sehemu gani ndani ya Soham ambako Burwell inazidi nguvu minara mingine?

Mtaalamu alipewa ramani ya njia ambazo watoto wangeweza kupita, akazitembea akipima. Mahali pekee kwenye njia hiyo palipoweza kushika Burwell palikuwa nyumbani kwa Huntley, namba 5 College Close, ndani au nje tu ya nyumba. Kwa hiyo uzito haukutoka kwenye mnara peke yake. Ulitoka kwenye mnara, njia iliyojulikana, saa ya kuzimwa, na kauli ya Huntley mwenyewe kwamba watoto walifika kwake. Ukitoa kimoja, vingine vinalegea.

Vipimo vya namna hii vina masharti: aina ile ile ya simu, mtandao ule ule, kupima kwa miguu na si kutoka ndani ya gari, na kupima mapema. Kampuni hugeuza antena au kuongeza minara, na ukichelewa unapima mtandao mwingine kabisa.

Karani_wa_Faili

Swali la tatu ndilo gumu. Mtu wa mwisho kusema na mtoto ni shahidi kwanza, na mara nyingi ni mtu asiye na hatia. Kumkamata kunahitaji sababu za msingi za kumshuku, na kauli ya kwamba "walipita hapa, wakauliza habari za mwenzangu, wakaenda zao" haitoshi.

Lakini ipo namna ya kumweka sawa mtu kama huyo kwenye faili. Kesi kubwa Uingereza huendeshwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao HOLMES, uliotengenezwa miaka ya 1980 baada ya polisi wa West Yorkshire kuzama kwenye kadi za karatasi wakimsaka Peter Sutcliffe, muuaji wa wanawake wengi. Kila mtu anayeingia kwenye kundi linalochunguzwa hupewa namba ya namna alivyoondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Namba 1 ni ushahidi wa maabara. Namba 2 ni maumbile yasiyolingana na maelezo ya mtuhumiwa. Namba 3 ni shahidi huru aliyekuwa naye saa ile. Namba 4 ni rafiki au ndugu. Namba 5 ni mke, mume au mwenza. Namba 6 hajaondolewa.

Sasa mtazame Huntley. Aliyemkingia kifua ni Maxine Carr, mwenza wake, ambaye pia alikuwa msaidizi wa mwalimu kwenye darasa la watoto wale. Alisema alikuwa nyumbani, bafuni, watoto walipofika. Hiyo ni namba 5, ngazi ya chini kabisa ya kuondolewa, na anayekaa hapo anatakiwa apandishwe kwa ushahidi mwingine au arudishwe 6. Ukweli ni kwamba jioni ile Carr alikuwa Grimsby, mji mwingine ulio mbali na Soham. Neno la mwenza lilihitaji kupimwa kwa kumbukumbu za simu na watu waliomwona huko, na kazi hiyo ni ya saa chache tu.

Kilichokula muda pia ni wingi wa taarifa. Wananchi walipiga simu kwa maelfu, na kila simu ni kazi ya kufuatiliwa. Kati ya tarehe 13 na 14 Agosti nguvu zilielekezwa Warren Hill, karibu na Newmarket, ambako udongo ulionekana umefukuliwa. Yakakutwa mashimo ya wanyama wa jamii ya nyegere.

Mwanafunzi_Sheria

Ahsanteni sana. Hizo namba za kuondolewa sikuwahi kuzisikia. Sasa, mahakamani walimfunga kwa simu au kwa vitu vya maabara?

Karani_wa_Faili

Maabara ndiyo iliyombana zaidi. Tarehe 16 Agosti nguo za watoto, jezi za Manchester United zikiwamo, zilikutwa zimekatwa na kuchomwa ndani ya pipa kwenye banda la shule alikofanya kazi. Mfuko wa plastiki uliokuwamo ulikuwa na alama za vidole vyake. Nyuzi za jezi zililingana na zilizopatikana nyumbani kwake na kwenye nguo zake. Alikamatwa alfajiri ya tarehe 17.

Gari lake, Ford Fiesta nyekundu, lilibadilishwa matairi yote manne siku moja tu baada ya watoto kutoweka, ilhali ya zamani yalikuwa bado mazima. Hakufikiria uvungu wa gari. Huko kulikuwa na chokaa na vipande vya matofali na zege vinavyolingana na njia ya shambani iliyofika kwenye mtaro wa Lakenheath ilikopatikana miili. Mtaalamu wa chavua, Patricia Wiltshire, alilinganisha pia chavua ya gari na ya eneo hilo, na akasoma kwenye mimea ya kuwasha iliyokanyagwa pale mtaroni jinsi mtu alivyoingia. Hili nawaomba mlitilie mkazo: askari akikanyaga kwanza mahali pa namna hiyo, ushahidi huo haurudi. Njia ya kuingilia eneo huchaguliwa moja, mbali na njia rahisi ambayo mhalifu angeitumia.

Ushahidi ulipokuwa umemzingira, Huntley aliacha kukana. Akakiri walifia nyumbani kwake, akadai ni ajali. Baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua hatia, likamtia hatiani kwa mauaji kwa kura 11 kwa 1 tarehe 17 Desemba 2003. Mwaka 2005 akapangiwa kifungo kisichopungua miaka 40. Carr alipata miaka mitatu na nusu kwa kula njama ya kupotosha haki.

Mpekuzi

Ongeza kipengele cha ajira yake, bila hicho wasilisho litapungua. Polisi wa Humberside, eneo alikoishi kabla ya Soham, walikuwa na tuhuma kadhaa dhidi yake za miaka ya 1990, lakini hazikutunzwa vizuri. Alipoomba kazi Soham mwaka 2001 alitumia jina la Nixon, na Cambridgeshire wakatafuta Nixon peke yake, hawakutafuta Huntley. Ripoti ya Bichard, ya uchunguzi rasmi wa kasoro za kesi hii, ya Juni 2004 ililieleza hili kwa kina. Hazina ya pamoja ya taarifa za polisi, iliyoanza 2011, ilitokana na mapendekezo yake. Kwa hiyo anayekagua mwombaji wa kazi ya watoto anaandika kila jina ambalo mtu amewahi kutumia, kila anwani na tarehe zake, na kila jina linatafutwa peke yake katika kila wilaya ya polisi aliyowahi kuishi.