Baada ya kuhamia Windows 11, Win+K hairushi tena skrini kwenye TV: tatizo ni draiva au mtandao?

Mwalimu_TEHAMA

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwenye kurusha skrini bila waya.

Laptopu ilikuwa na Windows 10, ikapandishwa kwenda Windows 11 kupitia Windows Update, faili na programu zote zikabaki. Kabla ya hapo ilikuwa inarusha skrini kwenye TV ya darasani kwa Win+K, Miracast ya kawaida (teknolojia ya kurusha skrini kwa Wi-Fi), bila kebo wala kifaa cha ziada. Sasa nikibonyeza Win+K naambiwa kompyuta hii haina uwezo wa Miracast. TV haijaguswa, na simu ya Android inairushia skrini bila shida. Intaneti kwenye laptopu iko sawa.

Nilichojaribu: kuwasha upya vyote viwili, kuzima na kuwasha Wi-Fi, na kuongeza Wireless Display kwenye Optional features kama wengi wanavyoshauri. Hakuna kilichobadilika. Jambo jingine, sijui kama linahusiana: kile kimstari cha kupunguza mwanga wa skrini kimepotea, na maandishi yanaonekana makubwa kuliko zamani.

FundiDraiva

Mkuu, jibu umelibeba mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Kimstari cha mwanga hupotea pale Windows inapoendesha skrini kwa draiva (programu inayoendesha kifaa) yake ya dharura, Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo inachora picha kwenye kioo basi, haina kazi nyingine. Miracast ni video: laptopu inachukua picha ya skrini, inaibana kwa H.264, kisha inairusha hewani mfululizo. Bila draiva halisi ya grafiki hakuna wa kuibana, ndiyo maana Windows inakujibu kwamba mashine haiwezi. Mashine inaweza, draiva ndiyo haipo.

Thibitisha kabla ya kugusa chochote. Fungua Command Prompt uandike:

netsh wlan show drivers

Shuka mpaka mstari wa mwisho mwisho unaoanza na Wireless Display Supported. Mbele yake kuna majibu mawili, la Graphics Driver na la Wi-Fi Driver. Yote mawili yakiwa Yes, acha draiva, kaangalie mtandao. Moja likiwa No, ndilo la kushughulikia. Ukitaka ushahidi wa pili, andika dxdiag, bofya Save All Information, halafu kwenye faili la maandishi litakalotoka tafuta neno Miracast. Vigezo ni hivi: draiva ya grafiki iwe WDDM 1.3 (kiwango cha draiva za grafiki za Windows) kwenda juu, ya Wi-Fi iwe NDIS 6.30 (kiwango cha draiva za mtandao) kwenda juu. Namba ya NDIS unaipata kwenye PowerShell:

Get-NetAdapter | Select Name, NdisVersion

Ikiwa ni grafiki kama ninavyodhani, bonyeza Win+X, ingia Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta Basic Display Adapter, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ingiza namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, pakua draiva ya grafiki ya Windows 11. Usichukue zile programu za "kutafuta draiva zote kwa mpigo". Nyingi zinaleta draiva isiyo yako pamoja na matangazo. Kama mtengenezaji hajaweka ya Windows 11, angalia Settings, Windows Update, Advanced options, Optional updates. Draiva nyingi hulala pale zikisubiri ruhusa yako, na Windows haikukumbushi.

Na hiyo Wireless Display uliyoongeza: inaifanya kompyuta *ipokee* skrini ya kifaa kingine. Kurusha hakuihitaji hata kidogo. Ilikuwa imo ndani ya Windows 10, ikatolewa kuanzia toleo la 2004 na kuwa kifurushi cha hiari, na tangu hapo watu wanaihesabu kuwa dawa ya kila kitu.

Kipanga_84

Mimi ningesema asipoteze muda. Fanya Network reset, ikishindikana piga Windows upya, au rudi Windows 10 ndani ya zile siku 10 kabla folda ya Windows.old (yenye Windows ya zamani) haijafutwa.

FundiDraiva

@Kipanga_84 hapana, mkuu. Network reset inafuta nywila zote za Wi-Fi, inaondoa VPN na kurudisha mipangilio ya mtandao mwanzo, ila draiva ya grafiki haiigusi. Atamaliza akiwa palepale, na kazi ya kuingiza nywila upya juu yake. Kupiga Windows upya nako kunaweza kumrudishia draiva ileile ya dharura. Na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kumrudisha mtu huko kwa ajili ya draiva moja si sawa.

Kitu ambacho ningekubaliana nawe ni Roll Back Driver (kurudisha draiva ya awali), iwapo lililo na No ni la Wi-Fi. Device Manager, Network adapters, bofya mara mbili kadi ya Wi-Fi, ingia Driver. Kitufe cha Roll Back Driver kikiwa kimefifia, hakibonyezeki, maana yake draiva ya zamani haikuhifadhiwa. Hapo pakua ya mtengenezaji.

Mwalimu_TEHAMA

Nimerudi na majibu. Graphics Driver ilikuwa No, Wi-Fi Driver ilikuwa Yes. Device Manager ilionyesha Basic Display Adapter kama ulivyosema. Nimeweka draiva ya mtengenezaji, nikawasha upya: mwanga umerudi, maandishi yamerudi ukubwa wake, na netsh sasa inasema Yes kote.

Win+K inaiona TV. Lakini nikiichagua, inaandika Connecting karibu nusu dakika, TV nayo inaonyesha jina la laptopu, halafu upande wa laptopu inatoka Couldn't connect. Nimejaribu mara sita, hali ni ileile.

Zenji_Nodi

Hapo mmeshatoka kwenye draiva, mko kwenye ukuta wa usalama (firewall). Dalili yenyewe ni kwamba TV inaonyesha jina la laptopu: maana yake redio mbili zimeshaonana na kukubaliana kwa Wi-Fi Direct (kiungo cha Wi-Fi cha moja kwa moja, bila ruta). Kinachokufa ni hatua inayofuata.

Watu wengi wanadhani laptopu ndiyo inayopiga hodi kwenye TV. Kwenye Miracast ya Wi-Fi Direct ni kinyume. Laptopu inakaa inasikiliza kwenye mlango (port) wa TCP 7236, na TV ndiyo inayoingia kwake kuuliza: ukubwa gani wa picha, sauti ya aina gani, tuanze? Kwa hiyo kwa Windows hayo ni mawasiliano *yanayoingia*, na ukuta ukikataa yanayoingia, TV inagonga mlango usiofunguliwa mpaka muda unaisha. Ndiyo hiyo nusu dakika yako.

Angalia mambo haya kwa mpangilio huu:

Fungua Windows Security, Firewall & network protection, kisha Public network. Kuna kisanduku kinachosema Blocks all incoming connections, including those in the list of allowed apps. Kikiwa na tiki, kiondoe. Kiache hivyo pia kwenye Private.

Kisha bofya Allow an app through firewall, Change settings, tafuta Wireless Display, weka tiki Private *na* Public. Usiishie Private peke yake hata kama Wi-Fi ya shule umeiweka Private. Kiungo cha laptopu na TV ni mtandao mwingine kabisa, uliozaliwa dakika hiyohiyo, na Windows mara nyingi inauhesabu kuwa Public kwa sababu haiujui.

Kama kuna antivairasi ya kulipia yenye ukuta wake, sheria za Windows hazitumiki. Ingia kwenye antivairasi hiyo uruhusu C:\Windows\System32\WUDFHost.exe. Ndiyo programu inayosikiliza kwa niaba ya Miracast. Kuzima antivairasi yote kwa dakika mbili kama jaribio ni sawa, kuiacha imezimwa si sawa.

VPN izime kabisa wakati wa jaribio. Baadhi zinalazimisha kila kitu kipite kwao na zinakata kiungo cha Wi-Fi Direct papo hapo. Mobile hotspot ya Windows nayo izime, kwa kuwa inategemea Wi-Fi Direct ileile.

Mwisho, futa undugu wa zamani. TV bado inaikumbuka laptopu ya Windows 10, na laptopu inaikumbuka TV. Kwenye laptopu: Settings, Bluetooth & devices, Devices, iondoe TV. Kwenye TV: ingia kwenye orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa, ifute laptopu, na hakikisha haipo kwenye vilivyozuiwa. Halafu chomoa TV ukutani dakika moja. Kuizima kwa rimoti hakutoshi, inalala tu na kumbukumbu zake.

Ikiwa ni kompyuta ya ofisi inayosimamiwa na seva, kuna sera za Wi-Fi za Group Policy zinazoweza kukataza Wi-Fi Direct moja kwa moja. Hiyo huwezi kuifungua mwenyewe, mwombe msimamizi.

Mwalimu_TEHAMA

Ni kisanduku cha Blocks all incoming upande wa Public. Kilikuwa na tiki. Wireless Display nayo ilikuwa na tiki Private tu. Nimerekebisha vyote viwili, TV imeshika mara ya kwanza. Ahsante sana @Zenji_Nodi.

Limebaki moja. Picha inaganda kila baada ya sekunde chache, halafu inaruka kwenda mbele. Slaidi zinavumilika, video haitazamiki. TV iko mita tatu, hakuna ukuta katikati. Wi-Fi ya shule ni ya GHz 2.4.

FundiDraiva

Laptopu ina redio moja, na sasa inatumikia mabwana wawili: ruta na TV. Vyote vikiwa kwenye chaneli moja, kazi ni nyepesi. Ruta ikiwa GHz 2.4 na TV ikachagua GHz 5, redio inaruka huku na huku mara nyingi kwa sekunde, na kila inapokuwa kwa ruta, picha inasubiri. Ndiko kuganda unakokuona.

Jaribio: bofya alama ya Wi-Fi, chagua Disconnect kwenye mtandao wa shule, lakini *usizime* Wi-Fi yenyewe. Rusha skrini tena. Video ikitiririka, chanzo ni hicho. Kisha andika

netsh wlan show interfaces

uone uko chaneli gani. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 komandi hii inaweza kukataa mpaka uwashe Location kwenye Privacy & security; usishtuke.

Suluhisho la kudumu ni kuhamisha laptopu kwenye GHz 5 ya ruta, chaneli 36 hadi 48. Ziepuke za 52 hadi 144, kwani hizo hugawana anga na rada na vifaa vingi havikubali kufungua Wi-Fi Direct juu yake. Ruta ikiwa na GHz 2.4 peke yake, basi wakati wa kuonyesha video ikate laptopu kwenye mtandao, na video iwe imeshapakuliwa.

Kwenye kadi ya Wi-Fi pia, Device Manager, Advanced, kuna Preferred Band au Wireless Mode. Ikiwa imefungwa kwenye GHz 5 pekee, TV za zamani zenye 2.4 tu hazitaonekana kabisa. Iache kwenye zote mbili. Halafu ukishaunganika, rudi Win+K uchague hali ya kutazama video badala ya ile ya kuandika na kipanya. Inaongeza kuchelewa kidogo, ila picha inatulia.

Mama_Projekta

Samahani kudandia uzi. Mimi netsh inasema Yes kote, ukuta nimeufungua, lakini Win+K haioni kabisa ile stiki ya Chromecast iliyochomekwa kwenye projekta. Simu inaiona.

Zenji_Nodi

Dada, hiyo haitaonekana hata ukikesha, na si kosa la Windows 11. Chromecast haizungumzi Miracast, inazungumza Google Cast, na Win+K inatafuta Miracast. Tumia Chrome: vidoti vitatu juu kulia, Cast, save, and share, kisha Cast, halafu kwenye Sources chagua Cast screen. Laptopu na stiki lazima viwe kwenye Wi-Fi moja, na isiwe mtandao wa wageni, maana ruta nyingi huzuia vifaa vya wageni kuonana. Simu inaiona kwa sababu simu za Android zina Google Cast ndani yake.

Sauti ikibaki kwenye laptopu, hakikisha umeweka tiki kwenye sauti pale unapochagua skrini ya kurusha.

Mwalimu_TEHAMA

Nimekata Wi-Fi ya shule, video ya dakika 12 imekwenda bila kuganda hata mara moja. Nitamwomba anayesimamia ruta atufungulie GHz 5 kwenye chaneli 36.