Nimevaa magauni 31 Kariakoo, tajiri kanikata hela ya chipsi!

Binti Mrefu wa Mbagala:
Wakuu, naandika huku natetemeka. Niko kwenye daladala, mekapu imejaa usoni, abiria wananitazama kama bibi harusi aliyetoroka ukumbini. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na uzi wowote.

Yule tajiri wa magauni mnamjua, simtaji. Yule anayeanza kila video na "wapendwa wangu" sauti imelegea kama uji wa mgonjwa. Kaniita nivae mzigo wake mpya nipigwe picha. Nikamuuliza bei, akasema njoo mdogo wangu, tutaelewana.

Nimefika saa 2 asubuhi, nimetoka saa 11 jioni. Magauni 31! Nimehesabu kwa vidole vya mikono vikaisha, nikaenda vya miguu vikaisha, nikaazima vya mpiga picha. Nabadilishia nyuma ya marobota, joto la kuivisha ndizi. Viatu kanipa namba 37, mimi navaa 40.

Saa 7 akaleta zege, yaani chipsi mayai, na soda. Kaleta mwenyewe, sikuomba. Nimechoma vipande vinne tu kwa kijiti, akanipokonya sahani: "Acha kwanza, tumbo litatokeza, linalofuata linabana." Zege likamaliziwa na kijana wa kushika taa.

Jioni anatoa elfu 20. Nikajua ni kianzio. Haijafika mkononi, akairudisha, akafungua kikokotoo cha simu. KIKOKOTOO. "Toa zege 3,500, toa soda 1,000." Akanipa 15,500, na ile mia tano kaitafuta droo nzima mpaka kaipata.

Gawanyeni wenyewe. Ni shilingi 500 kwa gauni, hata nauli ya daladala haifiki. Gauni moja anauza 65,000! Nikamuuliza kulikoni, akasema utajulikana, nina wafuasi laki mbili. Hao laki mbili ndio waliokula zege langu?

Zege kaninyang'anya, halafu kanilipisha!

Kobe wa Tandika:
Pole sana dada. Ila zege 3,500 ni la mayai mangapi?

Mtoto wa Ilala Boma:
Tajiri kakosea hesabu. Angemvalisha mdoli. Mdoli hali, hanywi soda, na haumwi miguu.

Binti Mrefu wa Mbagala:
Mdoli hauzi nguo! Mbona yeye ana midoli sita dukani na bado kanipigia simu mara nne? Watu wanataka kuona gauni likitembea, likikaa, likigeuka. Nimegeuka leo mpaka kizunguzungu. Halafu anakata zege.

Mama Vitenge:
Ngoja na sisi wa dukani tusikilizwe. Mzigo wangu wote ni laki 8. Kuna kodi ya fremu, kuna mpiga picha, kuna mzigo unaododa. Modo anakuja anataka laki 2 kwa siku. Mimi nibaki na nini?

Binti Mrefu wa Mbagala:
Mama yangu, shikamoo. Kama una elfu 50, sema nina elfu 50. Tutapiga magauni sita kwa saa mbili, kila mtu arudi kwake anacheka. Bajeti ikiwa ndogo, ipungue kazi, isipungue hela ya mtu ambaye kazi kashaimaliza. Mimi sijadai laki 2. Nimedai vipande vya viazi ambavyo havikufika tumboni.

Mzee wa Lenzi:
Bibie, kosa lilianzia kwenye "tutaelewana". Mimi nina miaka kwenye hizi kazi, siwashi kamera bila ujumbe wa maandishi, hata wa simu. Saa ngapi, nguo ngapi, picha zinakwenda wapi. Ukurasa wake wa mtandaoni ni bei moja. Akitaka kukubandika kwenye bango la barabarani ni bei nyingine kabisa, maana ukishaonekana kwenye bango lake, duka la jirani halikuiti tena. Na muda uandikwe: miezi mitatu, sita, mwaka. Kianzio nusu kabla ya gauni la kwanza. Chakula na nauli ni juu ya mwenye kazi, hilo halijadiliwi. Ulisaini chochote?

Binti Mrefu wa Mbagala:
Sijasaini kitu.

Mzee wa Lenzi:
Basi na yeye hana karatasi inayosema umemruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na sura yako ni taarifa yako. Mwandikie leo leo kwamba picha ni za mtandaoni tu, bango hapana. Akipuuza, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, peleka malalamiko.

Binti Mrefu wa Mbagala:
Asante baba. Nitamwandikia. Lakini kikokotoo, wakuu. Alikuwa na uso mkavu kabisa!

Kobe wa Tandika:
Swali langu la mayai halijajibiwa.

Kijana wa Drone:
Afadhali wewe umepata 15,500. Mimi nimepiga harusi tangu Kitchen Party mpaka kuvunja kamati. Mwenyekiti kaniambia salio nimfuate mweka hazina. Mweka hazina kasema nimfuate bwana harusi. Bwana harusi yuko fungate, simu haipatikani. Huu ni mwezi wa tano nasubiri.

Mpambaji Sinza:
Kamati za harusi zisikie tu. Mimi nimempamba bibi harusi na wasimamizi wawili. Baada ya kuosha uso wakasema mekapu haikukaa, wakakata nusu.

Mama Vitenge:
Kamati hazina hela kwa sababu watu wanaahidi hawatoi. Kwenye kadi anaandika laki, siku ya mwisho anatuma elfu 20.

Mtoto wa Ilala Boma:
Na sisi tunaoahidishwa kwa nguvu? Naingizwa kwenye kundi la harusi ya mtu ambaye tulipanda naye basi moja la Moro. Nikitoka wananirudisha. Kiwango cha chini elfu 50 kwa mtu mmoja, elfu 80 kwa wawili!

Binti Mrefu wa Mbagala:
Jamani, tulikuwa kwenye zege langu.

Kijana wa Drone:
80 ni nafuu. Sisi huku Goba ni laki kwa wawili, na vinywaji viliisha saa 3 usiku.

Kobe wa Tandika:
Laki, halafu kwenye sahani unawekewa paja la kuku wa kisasa! Nitaje kamati yenyewe?

Mpambaji Sinza:
Taja.