Jedwali la elimu ya Mwalimu Nyerere: tarehe na vyeti vinanikanganya

bango_la_ukutani
Wakuu, salaam. Naandaa bango la kubandika darasani: safari ya Nyerere shuleni, kuanzia Butiama hadi anarudi kutoka Uingereza. Safu tano tu: chuo, lini, umri, alichokipata, na jina alilotumia. Nimekwama hapa:
1. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 11 au 12?
2. Pale Mwisenge alikaa miaka mitatu au minne?
3. Makerere alipata shahada?
4. Kama Edinburgh alichukua MA (kwa kawaida ni shahada ya uzamili), shahada ya kwanza aliichukua wapi? Kuna maandishi yanasema Makerere, mengine yanaruka kabisa.

kumbukumbu_za_Mara
Nianze na la 4, maana ndilo linaloharibu mabango mengi.

MA ya Edinburgh ya wakati ule haikuwa shahada ya uzamili. Vyuo vikuu vikongwe vya Scotland vilikuwa (na bado viko hivyo) vikitoa MA kama shahada ya kwanza katika fani za sanaa. Ile ya kawaida ilichukua miaka mitatu, ile ya ngazi ya juu zaidi ("honours") miaka minne. Nyerere alichukua ile ya kawaida: aliingia Kitivo cha Sanaa Oktoba 1949, akahitimu Julai 1952. Hesabu inakaa sawa, miaka mitatu. Kwa vyuo vya England ni sawasawa na BA, yaani shahada ya kwanza ya sanaa. Kwa hiyo hakuna shahada iliyopotea, na wanaoitafuta Makerere wanatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Masomo yake yenyewe yanaonyesha hivyo. Mwaka wa kwanza: fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na anthropolojia ya jamii. Wa pili: historia ya Uingereza na historia ya uchumi. Wa tatu: sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Huo ni mtandao mpana wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Mtu wa uzamili angebanwa kwenye somo moja na tasnifu.

Angalia pia mwezi. Alifika Uingereza Aprili 1949, lakini kozi ya MA ilianza Oktoba. Katikati alipitia masomo mafupi ya kemia na fizikia na kufanya mtihani wa kujiunga. Ukiandika "1949" bila mwezi utachanganya safari na masomo.

chaki_na_ubao
Naongezea la 3. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi (ndiyo, mwaka uleule aliozaliwa Nyerere). Alipofika Januari 1943 ilikuwa chuo cha elimu ya juu kisicho na mamlaka ya kutoa shahada. Uhusiano na Chuo Kikuu cha London, uliofungua mlango wa shahada, ulikuja 1949, mwaka aliosafiri yeye kwenda Scotland. Kwa hiyo safu ya Makerere iandikwe: 1943–1945, stashahada ya ualimu. Ukikuta mtu ameandika "BA Makerere 1945", jua amekisia ili kujaza pengo lililoelezwa hapo juu.

La 2: kozi ya Mwisenge ilikuwa ya miaka minne, yeye aliimaliza kwa mitatu. Alirushwa darasa. Aliingia Februari 1934, na mwaka 1937 yuko Shule ya Serikali Tabora. Anayehesabu miaka minne kamili kutoka 1934 anatua mwanzo wa 1938, na kuanzia hapo tarehe zake zote zinasogea mwaka mmoja mbele. Ukiona jedwali lina "Tabora 1938", kosa limezaliwa Mwisenge.

La 1 ni hesabu ya mwezi. Kuzaliwa 13 Aprili 1922, kuanza shule Februari 1934: miaka 11 na miezi 10. Wanaosema 12 wametoa 1922 kwenye 1934 wakaridhika.

bango_la_ukutani
Asanteni sana. Swali la nyongeza: nimeona mahali imeandikwa kwamba aliingia Tabora kwa sababu ni mtoto wa Mtemi Nyerere Burito. Niandike hivyo?

kumbukumbu_za_Mara
Usiandike hivyo peke yake. Shule ya Tabora ilianzishwa 1925 na kweli ililenga watoto wa machifu, ndipo dhana hiyo ilipotoka. Utemi wa baba ulisaidia zaidi mwanzoni: serikali ya kikoloni iliwahimiza machifu wapeleke watoto wao shule, na Mwisenge ilikuwa shule ya utawala wa wenyeji, ya bweni, takriban maili 26 kutoka nyumbani. Lakini mwaka 1936 alifanya mtihani akawa wa kwanza katika majimbo mawili, la Ziwa na la Magharibi. Huyo angechukuliwa hata kama baba yake angekuwa mchungaji wa mbuzi.

Kitu ambacho mabango hayakiweki na kingefaa: nyumbani lugha ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikikuta Mwisenge. Yaani yule aliyekuja kutafsiri Shakespeare kwa Kiswahili alianza kukisoma akikaribia miaka 12. Kwa watoto wa darasani, hilo lina uzito kuliko orodha ya vyeti.

mwanasafu
Safu ya jina msiisahau, ndiyo yenye kosa la kimyakimya. Alibatizwa Mkatoliki Nyegina, karibu na Musoma, tarehe 23 Desemba 1943, akachukua jina Julius. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa hiyo Mwisenge na Tabora andika Kambarage Nyerere, na mwaka wa kwanza wa Makerere pia. Julius inaanzia mwaka wa pili wa Makerere. Anayepekua rejista za zamani kwa jina la Julius hawezi kumpata.

Umri kwenye safu nyingine: Makerere 20, Edinburgh Oktoba 1949 miaka 27, kuhitimu miaka 30.

Jambo la mwisho ni miaka 1946 hadi 1949. Wengi huiacha wazi au huiunganisha na Makerere. Alikuwa anafundisha St. Mary's, Tabora, na padre Richard Walsh wa shule hiyo ndiye aliyemsukuma kutafuta ufadhili wa serikali wa kwenda kusoma. Weka safu hiyo kwa rangi tofauti kwa kuwa ni kazi, si masomo, na Pugu ya 1953 (shule aliyofundisha aliporudi) ipewe rangi hiyohiyo. Udaktari wa heshima aliotunukiwa baadaye uache nje ya jedwali, haukusomewa.